Clarke: jina moja, koo nyingi, na neno moja la Kigiriki

Mnamo mwaka 1910 hivi, mtu aliyekuwa akipita upande wa kaskazini wa jiji la Dublin angeweza kukutana na ukoo wa Clarke mara mbili katika mwendo wa dakika chache. Katika Mtaa wa Great Britain, ambao sasa unaitwa Parnell, namba 75A, palikuwa na duka dogo la tumbaku na magazeti la Thomas Clarke. Karibu na hapo, katika Mtaa wa North Frederick, namba 33, palikuwa na karakana ya Joshua Clarke, fundi wa mapambo ya makanisa, ambamo mwanawe Harry alikuwa ameanza kujifunza kazi ya vioo vya rangi.

Mpita njia angedhani kwamba hao ni watu wa nyumba moja, na angekosea. Angeambiwa kwamba jina la mmoja limetoka Uingereza na la mwingine lina mizizi Ayalandi, huenda angekosea tena katika kuwagawa. Thomas alizaliwa mwaka 1858 katika ngome ya Hurst, pwani ya kusini ya Uingereza, baba yake akiwa askari wa jeshi la Uingereza. Harry alizaliwa Dublin kwenyewe, tena tarehe 17 Machi 1889, sikukuu ya Mtakatifu Patrick, msimamizi wa Ayalandi. Hata hivyo, baba wa Thomas alikuwa mtu wa kaunti ya Leitrim, kaskazini-magharibi mwa Ayalandi, na baba wa Harry alikuwa kijana wa Leeds aliyevuka bahari kutafuta maisha. Ili kuelewa jinsi mambo yalivyochanganyika kiasi hicho, hatuna budi kurudi nyuma sana, kwanza kwenye neno lenyewe.

Wakatoliki wa Afrika Mashariki wanalijua neno “mkleri”, kwa wingi “wakleri”, yaani watu wa daraja takatifu: mashemasi, mapadre na maaskofu. Neno hilo limetoka katika Kilatini, “clericus”, na Kilatini kililipata kwa Kigiriki, ambako “klēros” maana yake ni kura, na kwa hiyo fungu au urithi anaoupata mtu kwa kupigiwa kura. Ndilo neno lililotumika katika Matendo ya Mitume pale mitume walipomtafuta wa kushika nafasi ya Yuda: “Wakawapigia kura, kura ikamwangukia Mathiya.” Katika Agano la Kale Walawi hawakupewa ardhi kama makabila mengine, kwa kuwa Bwana ndiye aliyekuwa urithi wao, na Wakristo wa kwanza waliwaona watumishi wa kanisa kwa jicho hilohilo. Basi mtu wa kanisa akaitwa mtu wa fungu.

Kilatini cha kanisa kilifika katika visiwa vyote viwili. Waingereza wa kale wakalipokea neno kama “clerc”, na Waayalandi wakalipokea kama “cléireach”. Hadi hapo ni neno moja lililovaa nguo mbili. Tofauti kubwa ilijitokeza pale kila upande ulipoligeuza kuwa jina la ukoo, kwa sababu Uingereza ililigeuza kutoka kwenye kazi, na Ayalandi ililigeuza kutoka kwenye jina la mtu mmoja aliyeishi na kufa.

Tuanze na Uingereza, ambako habari ni fupi zaidi. Katika kitabu kikuu cha hesabu ya ardhi cha mwaka 1086, kilichoandikwa kwa Kilatini kwa amri ya mfalme William, wapo watu ambao majina yao yamefuatwa na neno “clericus”. Wakati huo halikuwa jina la ukoo. Ulikuwa utambulisho tu, kama tunavyosema Juma fundi ili tusimchanganye na Juma dereva. Katika karne zilizofuata, na hasa kufikia mwaka 1400, utambulisho wa aina hiyo ulikuwa umeganda katika familia nyingi za Kiingereza, ukawa unapita kutoka kwa baba kwenda kwa mwana hata kama mwana hakufanya kazi ya baba.

Msomaji makini atauliza: mtu wa kanisa alipataje mwana wa kumrithisha jina, ilhali makasisi hawaoi? Jibu lake ndilo linalofungua fumbo la jina hili upande wa Uingereza. Mitaguso ya Laterano ya mwaka 1123 na 1139 ilikaza sheria ya useja kwa mapadre, mashemasi na mashemasi wadogo, lakini chini yao palikuwa na madaraja madogo, yaani bawabu, msomaji, mfukuza pepo na akoliti, na watu wa madaraja hayo waliweza kuoa. Wengi wao waliishi kwa kalamu. Katika nchi ambayo watu wengi hawakujua kusoma, aliyesomea kanisani ndiye aliyeandika hati za mauziano ya ardhi, akatunza hesabu za bwana wa shamba na kusoma barua za kijiji. Neno likahama polepole kutoka altareni hadi mezani, hata leo kwa Kiingereza “clerk” ni yule tunayemwita karani, neno lenye asili nyingine kabisa.

Uhusiano huo wa kusoma na ukleri ulikuwa wa nguvu kiasi kwamba mahakama za Uingereza zilikubali kusoma kuwa ushahidi wa ukleri. Mtu aliyepatikana na hatia ya kosa kubwa aliweza kudai kwamba yeye ni mtu wa kanisa, akapewa Zaburi asome, na mara nyingi ilikuwa mwanzo wa Zaburi ya 51: “Ee Mungu, unirehemu, sawasawa na fadhili zako.” Akisoma, aliepuka kitanzi. Bila shaka wako walioikariri wakiwa hawajui hata herufi moja. Tangu mwaka 1489, ambaye hakuwa mkleri wa kweli alichomwa chapa kwenye kidole gumba, ili asije akadai nafuu hiyo mara ya pili.

Kuhusu tahajia, watu wengi hushangaa kwa nini kazi inaandikwa kwa “e” na jina kwa “a”. Kuelekea mwisho wa enzi za kati, matamshi ya Kiingereza yalibadilika, na maneno mengi yenye sauti ya “er” yakaanza kutamkwa “ar”. Baadhi yaliandikwa upya kufuata matamshi, mengine yakaachwa. Hii ndiyo sababu “parson”, mchungaji wa parokia, na “person”, mtu, ni neno moja lililogawanyika, na ndiyo sababu Mwingereza akiona neno “clerk” hutamka kama “klaak”, wakati Mmarekani hulitamka jinsi linavyoandikwa. Jina la ukoo lilifuata sikio. Ile “e” ya mwisho katika Clarke ni pambo la waandishi tu. Nimesikia mara nyingi ikidaiwa kwamba wenye “e” ni wa tabaka la juu na wasio nayo ni wa kawaida, na dai hilo halina msingi wowote, kwa kuwa hadi karne ya 19 familia hiyohiyo iliweza kuandikwa kwa namna mbili au tatu katika daftari moja la kanisa. Linaloweza kusemwa ni kwamba Ayalandi ilizoea zaidi Clarke, na Uskoti ikazoea Clark.

Muhimu zaidi ni hili: kwa kuwa kila kijiji kikubwa kilikuwa na mwandishi wake, jina hili lilizuka Uingereza mara nyingi, mahali pengi, kwa watu wasiohusiana hata kidogo. Anayetafuta “babu wa akina Clarke” wa Uingereza anatafuta kitu ambacho hakijawahi kuwapo.

Ayalandi ni habari nyingine. Huko majina ya ukoo yalianza mapema kuliko karibu kote Ulaya, nayo yalijengwa juu ya nasaba. “Mac” ni mwana wa, na “Ó”, ambayo zamani iliandikwa “Ua”, ni mjukuu au mzao wa. Msomaji aliyezoea “bin” na “binti” za pwani hatapata shida hapa, hasa akiambiwa kwamba Kiayalandi nacho kinatofautisha mwanamume na mwanamke. Mwanamume ni Ó Cléirigh, binti yake ni Ní Chléirigh, na mke wake ni Bean Uí Chléirigh. Tofauti na bin ni kwamba jina linalofuata “Ó” lilikwisha kukaa. Halibadiliki kila kizazi kufuata jina la baba, linabaki lilelile la babu wa mbali.

Babu huyo aliitwa Cléireach. Alikuwa wa uzao wa Guaire, mfalme wa Connacht aliyefariki mwaka 663, ambaye fasihi ya Kiayalandi inamkumbuka kwa ukarimu uliopita kiasi. Eneo lao liliitwa Aidhne, kusini mwa kaunti ya sasa ya Galway. Kumbukumbu za kale zinataja kifo cha Tigherneach Ua Cléirigh, bwana wa Aidhne, chini ya mwaka 916, na kwa sababu hiyo Ó Cléirigh huhesabiwa miongoni mwa majina ya ukoo ya zamani kabisa ya Ulaya ambayo tarehe yake imeandikwa. Jina la Cléireach linamaanisha mkleri, ni kweli, lakini ukoo haukuitwa hivyo kwa kuwa ulikuwa wa makasisi. Uliitwa hivyo kwa kuwa babu yao alipewa jina hilo, kama vile mzao wa mtu aliyeitwa Sultani asivyolazimika kuwa na kiti cha enzi.

Katika karne ya 13 ukoo wa Kinormani wa de Burgo, ambao baadaye uliitwa Burke, ulitwaa nchi yao, na akina Ó Cléirigh wakatawanyika. Wengine walielekea Kilkenny upande wa kusini-mashariki, wengine Breifne, penye kaunti za sasa za Cavan na Leitrim, na tawi moja likaishia Donegal, kaskazini-magharibi kabisa. Tawi hili la mwisho ndilo lililolipa jina heshima yake. Mapokeo yanaeleza kwamba Cormac Ó Cléirigh, msomi wa sheria, alifika Donegal katika karne ya 14, akamwoa binti wa mwanahistoria wa watawala wa huko, akina Ó Domhnaill, na kwamba mahari aliyodai mkwe haikuwa ng’ombe wala fedha. Alitaka mtoto wa kiume atakayezaliwa afundishwe historia. Kazi ya kutunza nasaba na matukio ikahamia kwa akina Ó Cléirigh, wakaishika kwa vizazi, na makao yao yakawa Kilbarron, juu ya majabali yanayotazama bahari karibu na Ballyshannon.

Kwa hiyo, kwa njia ya mzunguko kabisa, ukoo ambao jina lake halikutokana na kazi ya kuandika uliishia kuwa ukoo wa waandishi. Lughaidh Ó Cléirigh aliandika maisha ya Aodh Ruadh Ó Domhnaill, kiongozi aliyepigana na majeshi ya Malkia Elizabeth na kufia Uhispania mwaka 1602. Jamaa yake, Mícheál, aliingia utawa wa Wafransisko huko Louvain, katika nchi ambayo sasa ni Ubelgiji, akarudishwa Ayalandi mwaka 1626 kukusanya hati za kale kabla hazijapotea. Alitembea nchi nzima akinakili. Kisha, kuanzia tarehe 22 Januari 1632 hadi tarehe 10 Agosti 1636, yeye na wenzake walikaa na watawa wa Donegal kando ya mto Drowes, wakaandika kumbukumbu za Ayalandi tangu gharika ya Nuhu hadi mwaka 1616, kazi inayojulikana kwa jina la Mabingwa Wanne. Mícheál alibaki bradha, hakuwahi kuwa padre. Ó Cléirigh mashuhuri kuliko wote aliishi kwa kalamu kama makarani wa Uingereza, bila kuwahi kusimama altareni kusoma misa.

Wakati kitabu hicho kinamalizwa, ulimwengu uliokizaa ulikuwa umekwisha kuvunjika. Watawala wa Kiayalandi walishindwa vitani mwaka 1601 na kuikimbia nchi mwaka 1607, na tangu mwaka 1609 serikali ya London iliwagawia walowezi wa Kiingereza na Kiskoti ardhi ya kaskazini. Miongoni mwa walowezi hao walikuwamo akina Clarke na Clark wenye asili ya ng’ambo. Waskoti wenyewe walileta mchanganyiko wa ziada, kwa kuwa nao walikuwa na ukoo wao wa “mwana wa mkleri”, uliotoa majina kama McCleary.

Shinikizo la kuyafanya majina yawe ya Kiingereza halikuanza hapo. Sheria ya bunge la Ayalandi ya mwaka 1465 iliwataka Waayalandi wa kaunti za Dublin, Meath, Louth na Kildare wachukue majina ya Kiingereza, ama ya mji, ama ya rangi, kama White au Brown, ama ya ufundi, kama Smith, ama ya cheo, kama Cook au Butler, na atakayekaidi apoteze mali yake. Sheria hiyo ilifika mahali padogo tu. Lililobadilisha majina kwa wingi ni utawala wa karne ya 17 na zilizofuata: daftari la kodi, mkataba wa shamba na mahakama, vyote vikiandikwa kwa Kiingereza na watu wasiojua Kiayalandi.

Mwandishi aliyesikia “Ó Cléirigh” alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kuandika sauti alivyoisikia, na hapo tukapata Clery, Cleary na O’Clery. Ya pili ni kutafsiri, na hapo Clarke alikuwa tayari mezani. Tafsiri za namna hii zilikuwa nyingi nchini humo. Mac Gabhann, mwana wa mhunzi, aliitwa Smith, na hiyo ni sahihi. Mac Conraoi aliitwa King kwa sababu tu mwisho wa jina lake ulisikika kama neno la Kiayalandi la mfalme, na hiyo ni makosa matupu. Ó Cléirigh kuwa Clarke kuko katikati: neno limetafsiriwa vizuri kabisa, kwa sababu pande zote mbili zinatoka kwa “clericus”, lakini ukoo umefutwa. Mzao wa bwana wa Aidhne anaonekana sasa kuwa mtoto wa karani fulani wa kijiji cha Kiingereza.

Watu wenyewe hawakuona shida kutumia majina mawili. Robert Matheson, ofisa wa usajili wa vizazi na vifo mjini Dublin, alichapisha mwaka 1890 mwongozo wa kuwasaidia makarani wake, kwa sababu mtu aliandikishwa kwa jina moja alipozaliwa na kwa jingine alipooa. Clarke na Cleary ni miongoni mwa majina yaliyomo yanayopokezana.

Anayetaka kujua Clarke fulani wa Ayalandi ni wa upande gani hawezi basi kulitegemea jina. Inambidi atafute mahali, dini na lugha. Hapo anakutana na pigo la Juni 1922, wakati ofisi ya kumbukumbu za taifa katika jengo la Four Courts ilipoteketea katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, pamoja na sehemu kubwa ya sensa za nusu ya kwanza ya karne ya 19. Zile za mwaka 1861 hadi 1891 zilikuwa zimeharibiwa na serikali yenyewe kabla ya hapo. Zilizobaki nzima ni sensa za mwaka 1901 na 1911, ambazo leo zinasomwa bure kwenye intaneti. Ukifungua fomu ya kaya, utaona mkuu wa nyumba, dini yake, kama anajua kusoma na kuandika, kaunti aliyozaliwa, na safu inayouliza kama anazungumza Kiayalandi. Clarke Mkatoliki wa Cavan ambaye bibi yake aliandikiwa “Kiayalandi na Kiingereza” ana uwezekano mkubwa wa kuwa Ó Cléirigh. Clarke Mpresbiteri wa Antrim ana uwezekano mkubwa wa kuwa mzao wa walowezi. Ni uwezekano tu, maana watu walibadili dini, wakaoana, wakahama. Kabla ya sensa hizo kuna orodha ya ukadiriaji wa ardhi ya Griffith ya kati ya mwaka 1847 na 1864, ambayo huonyesha Clarke na Cleary walivyokaa jirani katika kitongoji kimoja, na hapo ndipo mtafiti anapopaswa kushuku.

Asipoteze fedha kununua “nembo ya ukoo wa Clarke”, inayouzwa kwenye vikombe na vitambaa. Nembo hutolewa kwa mtu na wazao wake, haitolewi kwa jina, na jina lenye asili mamia haliwezi kuwa na nembo moja.

Nje ya visiwa hivyo kuna tabaka la tatu. Huko Jamaika, Barbados na kusini mwa Marekani, maelfu ya Waafrika walioshikwa utumwani walibebeshwa majina ya waliowamiliki, na Clarke lilikuwa mojawapo. Kwa wazao wao swali la Ayalandi au Uingereza ni swali juu ya mmiliki tu. Mwanahistoria mashuhuri wa Afrika John Henrik Clarke, aliyezaliwa Alabama mwaka 1915, alikuwa awali John Henry Clark. Alibadili jina la kati kwa kumheshimu mwandishi wa Kinorwei Ibsen, na akaongeza “e” mwishoni kwa hiari yake. Karne nyingi waandishi wa madaftari waliiweka na kuiondoa herufi hiyo bila kumuuliza mwenye jina. Hapa mwenye jina ndiye aliyeiweka.

Turudi Dublin. Harry Clarke, mtoto wa mtu wa Leeds, alikuwa bingwa wa vioo vya rangi wa nchi yake, na kati ya mwaka 1915 na 1917 alitengeneza vioo 11 vya kanisa la Honan huko Cork, wakiwamo watakatifu wa Kiayalandi kama Brigid na Gobnait. Thomas naye, aliyekwisha kukaa miaka 15 katika magereza ya Uingereza kwa kupigania uhuru wa Ayalandi, aliandika juu ya duka lake kwa herufi za Kiayalandi: T. S. Ó Cléirigh. Haikuwa jambo dogo. Mwaka 1905 wakili Patrick Pearse, ambaye baba yake mwenyewe alikuwa Mwingereza, alimtetea mtu wa Donegal aliyeshtakiwa kwa kuandika jina lake kwa Kiayalandi kwenye mkokoteni, na akashindwa.

Thomas, mtoto wa sajini Mwanglikana wa Leitrim, kaunti iliyopakana na Cavan, alichagua upande na kuupigilia mlangoni. Aprili 1916 viongozi saba wa uasi dhidi ya utawala wa Uingereza walipotia majina yao chini ya tangazo la Jamhuri, la kwanza lilikuwa lake. Wenzake wawili walitumia majina ya Kiayalandi. Lake lilichapwa kwa Kiingereza, Thomas J. Clarke, na tarehe 3 Mei alipigwa risasi kwa jina hilo. Mjane wake, Kathleen, alichaguliwa mwaka 1939 kuwa meya mkuu wa Dublin, mwanamke wa kwanza kushika cheo hicho, na kwa Kiayalandi jina lake huandikwa Caitlín Bean Uí Chléirigh.